Kisu cha Natal

Mbuzi alilia mara ya kwanza asubuhi, Hamido akacheka peke yake.

Alikuwa kachuchumaa mbele ya nyumba yao, barabarani, anaziba pancha ya pikipiki ya mtu. Mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, kichwani kajifunga kitambaa kwa ajili ya vumbi. Akasikia meee kutoka uwani kwa jirani yao, Mama Delfina, ng'ambo ya ua wa makuti. Akajua Natal imefika, kesho ndiyo siku.

Sikukuu yenyewe si yake. Hamido ni mtoto wa Kiislamu, mtu wa pwani, kazaliwa hapo hapo Mocímboa. Chuo cha Kurani alisoma mpaka mwalimu akachoka naye. Skuli ya serikali alifika klasi ya saba, akaondoka mwenyewe baada ya kumpa profesa, mwalimu wa skuli, jibu ambalo mpaka leo mamake hataki lirudiwe ndani ya nyumba. Natal anaijua kwamba ni siku aliyozaliwa Nabii Isa, basi. Hajui nyimbo zake wala hajapata kuingia kanisani. Lakini mbuzi wa Natal wa nyumba ile ni wake. Hilo hakuna mtu wa kumbishia, na akitokea wa kumbishia, aje na meno ya akiba.

Maana ilikuwa hivi. Tangu Hamido hajazaliwa, mbuzi wa Natal wa mzee Narciso, Mmakonde, mumewe Delfina, alichinjwa na mzee Jafar, babake Hamido, muuza samaki. Sababu haikuwa kubwa. Narciso alikuwa mtu hawezi kula peke yake. Akichinja mwenyewe, nusu ya mtaa hawatii mkono, watasema asante jirani, tumeshiba, na yeye atabaki na sinia zima anaangaliana nalo. "Nyama bila watu ni mzoga," alikuwa akisema. Basi akamtafuta wa kumchinjia kihalali, mtaa mzima ule.

Wala hakutuma mtoto kuita. Alikuja mwenyewe, akasimama penye uwazi wa ua, akasema maneno yale yale kila mwaka, uso mkavu kama mtu wa serikali: "Jirani, kuna mgeni kwangu anakuulizia."

Hapo Jafar alikwisha kuoga. Kanzu alikuwa nayo moja tu, ya Idi mbili, na ya Natal. Ikipigwa pasi ya makaa mpaka inasimama yenyewe. Akitokea nayo, Narciso anapiga kelele mtaa usikie:

"Oneni! Leo Jafar anakwenda kubatizwa!"

"Nakwenda kuwasaidia wala panya nyie, mle kitu cha maana walau mara moja kwa mwaka!"

"Bora panya, shemeji. Sie hatunuki papa mpaka ndotoni!"

Watoto wanajigaragaza kwa kucheka. Ndio utani wa watu wa pwani na watu wa bara, ungemtukana mwenzio mpaka jasho likutoke, hukasirikiwi.

Kisu nacho kilikuwa cha watu wawili. Bapa lilifuliwa kwa springi ya lori bovu. Mpini alichonga Narciso kwa mkono wake, mpingo mweusi unaong'aa, kaufanyia kichwa cha samaki kinywa wazi. Jafar alilalamika miaka yote: "Mmakonde huyu kaniwekea samaki changu ananikodolea macho kazini." Lakini mtu mwingine akikigusa, ugomvi.

Hamido alivyokuwa mdogo alipewa kazi ya kushika bakuli la maji. Kwa hiyo aliona kwa karibu. Narciso alishika miguu ya mbuzi. Jafar alimlaza upande, kichwa kuelekea kibla, akamfunika jicho kwa kiganja ili asikione kisu. Halafu akainama akasema Bismillahi, Allahu akbar, kwa sauti ndogo, karibu na sikio la mbuzi, kama mtu anayemwamsha mtoto asimshtue. Mara moja tu. Hakuna kelele. Mtoto akipiga ukelele anafukuzwa uwani, na kipande chake cha ini kimekwenda.

Asubuhi ya Natal, Delfina na watu wake wakienda missa, Awa, mamake Hamido, anabaki kwenye jiko lao analinda moto. Masufuria ya Wakristo yote mikononi mwa Mwislamu. Na Idi ikija, kinyume chake: watu wa pwani uwanjani wanaswali, Delfina kajifunga kanga anageuza pilau la Awa, na Narciso kakaa kibarazani analinda nyumba zote mbili huku anakohoa kama mwenye mali. Halafu keki. Hamido akikumbuka Natal, kabla hata ya nyama, pua inaleta ile keki ya Delfina, iliyookwa ndani ya sufuria kwa makaa chini, makaa juu ya mfuniko, imeungua pembeni kila mwaka, na kila mwaka watoto waligombea kule kulikoungua.

Halafu ikaja vita.

Nyumba ya Jafar walikimbia kwa boti mpaka Pemba, mji wa kusini wa pwani ile ile. Nyumba ya Narciso walichelewa, wakakimbilia bara kwa miguu. Jafar akafa Pemba, chini ya turubai, kwa kikohozi ambacho nyumbani kingetibiwa kwa chai ya mchaichai. Kisu kilikuwa ndani ya gunia la nguo, ndicho kitu pekee cha chuma walichotoka nacho. Narciso aliuawa. Habari ilifika hivyo, neno moja. Waliporudi Mocímboa watu waliacha kuulizana fulani alikufaje. Unauliza kazikwa wapi, na hata hilo wengine hawana jibu.

Awa na Hamido walirudi wa mwanzo, wakakuta kuta na majivu. Hamido akapaua kwa bati la kuokoteza, akaanza kazi ya pancha. Mwaka mmoja baadaye Delfina akateremka kwenye gari, kakonda, na bintiye Benilde nyuma kabeba maboga mawili ya zawadi. Wale akina mama wawili walishikana barabarani, pikipiki zikawa zinawazunguka. Hamido mwenyewe alimshonea Delfina ua wa makuti, na kwa akili yake akaacha uwazi pale pale ulipokuwa zamani.

Kwa hiyo asubuhi ile, Natal yao ya kwanza tangu warudi, mbuzi alipolia, Hamido alifanya nini? Alikwenda ndani, akakitoa kisu guniani, akakinoa kwenye jiwe mpaka kinanyoa nywele za mkono. Akakaa kusubiri aitwe.

Mchana ukapita. Mbuzi analia, hakuna aliyekuja.

Alasiri ndio akapita Jacinto, mpwa wa Delfina, anayemwita tia kwa Kireno, kijana wa bara aliyekuja kula sikukuu. Anataka upepo kwenye tairi.

"Jaza haraka haraka, pá," Jacinto akasema. "Tia Delfina kanipa kazi. Jioni namchinja yule mbuzi."

Hamido akasimama, pampu mkononi. "Unamchinja nani?"

"Mbuzi. Kwani weye ulidhani anakuja kukaa?"

"Nani kakwambia umchinje weye?"

"Si huyo tia mwenyewe."

"Mbuzi yule ana mwenyewe wa kumchinja! Weye hata kuku akikuangalia unakimbia!"

"Epa, bwana, kachinje mbuzi wako," Jacinto akasema, akasukuma pikipiki yake na tairi nusu, anacheka.

Angetukana tu ingekuwa rahisi. Kucheka kule kuliingia. Hamido akaona yote kwa mara moja, au alidhani kaona. Mbuzi achinjwe na Jacinto, maana yake mamake hali, yeye hali, mtaa wa pwani hauli. Maana yake wamefungiwa mlango. Na kwa nini? Kwa sababu ya wale washenzi waliochoma mji wakisema wao ndio Waislamu! Wamemchomea na yeye nyumba, wamemuulia na yeye baba, na leo kesi yao anasomewa yeye?

Basi damu ikapanda. Akaingia ndani akakichukua kisu. Hakunawa. Hakufungua kitambaa cha kichwani. Hodi hakupiga. Akapita penye uwazi wa ua, hatua za mtu anayekwenda kudai chake.

Delfina alikuwa kakaa kwenye kigoda, kampa mgongo, anachagua mchele kwenye ungo. Akasikia nyayo. Akageuka.

Hamido alikuwa kafungua kinywa aseme neno lake. Hakulisema. Yule mama hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Ungo ulimtoka, mchele ukamwagika mchangani wote, naye akateremka kutoka kwenye kigoda akapiga magoti, polepole, akaweka mikono miwili kisogoni. Akainamisha kichwa. Kama mtu aliyefundishwa. Kama mtu anayejua kitu kinachofuata.

"Mama," Hamido akasema. "Mama, ni mimi."

Hakunyanyua kichwa.

"Ni mimi, Hamido. Hamido wa Jafar."

Benilde akatoka jikoni mbio. "Hamido! Ondoa kitu hicho! Ondoka nacho!"

Akarudi kinyumenyume, kisu kakitia ndani ya fulana, kinamkwaruza tumbo wala hakisikii.

Nyumbani Awa alikuwa kibarazani, mguu kaunyoosha, goti limevimba toka juzi. Kasikia kila kitu, ua wa makuti hauzuii sauti.

"Ulipiga hodi?"

Hamido akakitoa kisu ndani ya fulana.

"Nakuuliza, ulipiga hodi?"

"Baba hakuwa anapiga hodi pale!"

"Babako alikuwa anaitwa," Awa akasema. "Alikaa na kanzu yake humu ndani anatoka jasho mpaka aitwe. Weye nani kakuita?"

"Ndiyo hilo, mama! Hawajaniita! Kwa nini hawajaniita? Mimi ni mwenzao wale?"

Awa akashika fimbo. Kwa lile goti lake bovu akavuka kwa Delfina kumsaidia kuokota mchele.

Jua lilipokuwa linashuka, mbuzi akanyamaza. Hamido akajua kazi imekwisha, na aliyeifanya ni Jacinto. Akapiga teke debe la maji ya kupimia pancha, likaviringika mpaka barabarani. Aliyelirudisha ni Benilde.

Walikua pamoja wale, wamenyang'anyana keki iliyoungua mara ngapi. Kwa kawaida angemwambia, haya mnuka papa, vyombo vyako hivi. Safari hii aliliweka chini tu.

"Mama alikuwepo," akasema.

"Alikuwepo wapi?"

"Walipomchukua baba. Shambani. Tulikuwa tumejificha mhogoni, mie na yeye, kaniziba mdomo. Wakampigisha magoti. Mwenye kisu alikuwa kijana, Hamido, kijana kama weye, kajifunga kichwa hivyo hivyo. Tena tulikuwa tunamjua, alikuwa akiuza kadi za simu sokoni. Na akasema maneno yale. Yale aliyokuwa akisema babako kwa mbuzi. Ila yeye aliyapiga kelele."

Hamido akakaa chini mchangani. Akakivuta kitambaa kichwani, akakitazama kama kitu kilichomng'ata.

"Mimi si wao, Benilde."

"Nani kasema weye ni wao? Kasema nani?" Na yeye sasa macho yamekuwa mekundu. "Magoti ndiyo yalipiga chini, mdomo wa mama haujasema kitu. Toka Jumatatu anazunguka pale penye uwazi, anakuja, anarudi. Anataka kukuita. Hawezi. Akamwambia Jacinto, kwa sababu Jacinto yeye anachinjia nyuma ya nyumba, mama haoni."

Alipokwisha kusema akaondoka. Hamido alibaki pale mpaka mbu wakamtoa.

Asubuhi ya Natal kengele ikalia. Kengele yenyewe ni rimu la lori limetundikwa kwenye mti, maana kanisa lilichomwa na kengele yake haijulikani iko wapi. Rimu hilo Hamido aliwapa yeye, lilikuwa limelala tu kazini kwake. Mlio wake akiusikia, anajua hata gari lililotoka.

"Goti langu limekataa," Awa akasema. "Masufuria ya watu yatalindwa na nani?"

"Na Jacinto."

"Jacinto anakwenda missa. Yeye ni Mkristo, hukuambiwa?"

Hamido akaoga. Akajisugua grisi kwa sabuni ya mche na mchanga mpaka vidole vikawaka. Akavaa shati jeupe la mikono mirefu, akakunja mikono juu. Kichwa wazi. Hakupita penye uwazi. Alizunguka barabarani, akaenda kusimama mlango wa mbele kama mgeni wa mbali, mikono kaiacha inaning'inia mbele, mitupu.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Kutoka ndani: "Karibu."

Delfina alitokea na kitenge kipya, kilemba cha kitenge hicho hicho. Kwanza alitazama mikono ya Hamido, ndipo akamtazama usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kulinda moto. Mama mguu unamsumbua."

Mwenyewe alikuwa katunga maneno mengi ya kuomba radhi, usiku kucha kayapanga. Yote yalimpotea. Delfina akasema, sauti ya kawaida ya mama wa nyumba, "Wali wa nazi nimeutia makaa juu. Usiufunuefunue. Babako alikuwa anaufunua."

"Hapana, mama. Sifunui."

Wakaenda zao. Hamido akakaa na masufuria ya watu. Kazi hiyo ya wanawake hajapata kuifanya, na moto ukamjua. Kuni mbichi zikamtilia moshi machoni, akazitukana kuni na aliyezikata na mti wenyewe. Sufuria kubwa lilikuwa la mbuzi wa Jacinto. Lilichemka mbele yake, karafuu, vitunguu, harufu ile ile ya zamani yote, na yeye hawezi kuchovya hata kidole. Alilisogezea moto sawasawa na mengine. Pembeni palikuwa na sufuria lenye makaa juu ya mfuniko, akajua ni keki. Ilipoanza kunukia kuungua pembeni, akanyanyua mkono apunguze makaa. Akauteremsha. Akaiacha iungue kidogo.

Kwa mbali rimu likalia, na watu wakaanza kuimba. Hamido akakumbuka kelele za Narciso, leo Jafar anakwenda kubatizwa, na kanzu inayosimama yenyewe. Akacheka, kisha akafuta uso kwa shati. Moshi.

Chini ya mwembe wa jikoni palikuwa na tenga limefunikwa kifudifudi, na jiwe juu. Ndani mna jogoo mwekundu. Hakumjali.

Waliporudi walikuwa wengi, Jacinto na ndugu na watoto, kila mtu boas festas, boas festas, heri ya sikukuu. Jacinto akampa mkono kwa kujivutavuta, Hamido akaupokea. "Boas festas, bwana. Tairi lako lilete kesho, lile nusu upepo litakuua." Kazi imekwisha. Moto mzuri, wali haujafunuliwa. Akasimama, akajikung'uta, akaaga, kwa sababu hakuna sufuria lake pale na hakutaka mtu aone aibu kumkaribisha.

"Hamido."

Delfina alikuwa kasimama penye tenga. Kitenge kipya kile, viatu vya kanisani havijavuliwa.

"Naam, mama."

Alishika ncha ya kilemba chake akaiachia. Watu walikuwa wanaongea, wakaacha mmoja mmoja.

"Jirani," akasema, "kuna mgeni kwangu anakuulizia."

Hamido akaitika kwa kichwa. Alipita penye uwazi wa ua, mamake yuko kibarazani hakumuuliza kitu, akakitoa kisu, akakivingirisha ndani ya taulo safi. Aliporudi alisimama mbali, akakifungua polepole, akamnyooshea Delfina upande wa mpini.

"Kishike weye kwanza, mama."

Delfina akakishika. Akapitisha kidole gumba kwenye kichwa cha yule samaki, kinywani, machoni, kule mkono wa mumewe ulikopita na patasi.

"Huyu changu alimharibu jicho moja," akasema. "Mie nilimwambia, umelipinda. Akasema Jafar hataliona."

"Aliliona. Alikuwa akilisema kila mwaka."

Delfina akatoa kicheko kifupi kwa pua, akamrudishia kisu. Akachutama mwenyewe, hakumpa Benilde, hakumpa Jacinto. Akashika miguu ya jogoo pale alipokuwa akishika Narciso, akafumba macho.

"Useme kama babako," akasema. "Nisikie."

"Ndiyo, mama."

Hamido akamgeuza jogoo kibla, akamfunika jicho kwa kiganja. Aliona mikono ya Delfina inavyotetemeka, mpaka mabawa ya jogoo yanatetemeka nayo.

"Tayari, mama?"

"Bado."

Akangoja. Hamido huyu, ambaye hajapata kungoja hata gundi ikauke kwenye kiraka, akangoja na kisu mkononi, jua la utosi, jasho linamwingia machoni wala hajifuti. Mtoto mmoja akataka kusema kitu, Benilde akamziba mdomo.

Mikono ikaanza kutulia.

"Haya," Delfina akasema.

Hamido akainama mpaka karibu na sikio la jogoo, akayasema, kwa sauti ndogo, mara moja, kama mtu anayemwamsha mtoto.

Delfina alifumbua macho kabla kazi haijakwisha, hakuangalia pembeni. Akatazama kisu, akamtazama mwenye kisu, akapumua.

"Babako alikuwa na kanzu," akasema.

"Iliungua, mama."

"Tutashona nyingine. Huwezi kumchinjia mtu Natal na shati la soko." Akamrushia Benilde jogoo. "Maji ya moto! Na mkamlete Awa, mbebeni na hilo goti lake. Mwambieni kuku ni wake, na keki mwanawe kaiunguza."

"Mnuka papa huyu!" Benilde akapaza sauti kutoka jikoni. "Kaiunguza makusudi!"

"Kula panya wako huko!" Hamido akajibu, na watoto tayari walikuwa wanasukumana penye sufuria, kila mmoja anataka kule kulikoungua.